Mshenga wa Maboga

Kijana unayetaka kuanza bustani nyuma ya nyumba yako, kwanza weka jembe chini. Toka nje asubuhi jua likianza kupata nguvu, tafuta mahali pa kukaa, ukae. Usifanye kitu. Wakikuuliza nyumbani, sema uko kazini. Hawatakuamini, na mimi zamani nisingekuamini. Nilitengeneza bustani za watu Iringa na Mbeya mpaka mgongo uliponistaafisha, na sehemu kubwa ya miaka hiyo sikuwahi kukaa hata mara moja. Nilikuwa na haraka ya kuharibu.

Watu waliniita Fundi Kamba. Sikwenda kazini bila kamba ya katani na vigingi viwili, na matuta yangu yalinyooka kiasi kwamba hata kuku wa mwenye nyumba aliona haya kuyakatiza. Mazoea hayo niliyapata kwenye bustani ya shule moja ya bweni, nje kidogo ya mji wa Iringa, chini ya msimamizi aliyeitwa Mzee Chaula. Alikuwa mtu mwema mwenye imani mbili: ile ya kanisani, na ile ya kwamba udongo mtupu ndio udongo safi. Tulikuwa tunafagia bustani. Sisemi njia za bustani. Tulifagia matuta yenyewe, katikati ya mistari ya karoti. Siku mgeni mmoja alipouliza kama kabichi zetu tulizipanda kwa rula, Mzee Chaula alitembea wiki nzima kama bibi arusi.

Sitamsema vibaya, kwa sababu mengi aliyonifundisha nayatumia mpaka leo. Samadi, alisema, ipime kwa pua: ikikukunjisha uso bado mbichi, ikinuka kama ardhi baada ya mvua ya kwanza imeiva. Nyanya usizipande wazi wakati wa mvua nyingi, ukungu utazivuna kabla yako. Zipe paa la nailoni au subiri mvua zipungue. Kabichi, karoti na njegere zinapenda kipupwe chetu, ila pale panaposhuka sakitu, ule umande unaoganda, kama kule Mufindi, miche ifunikwe nyasi jioni. Na figiri panda mstari mmoja leo, mwingine baada ya wiki mbili. Ukipanda tuta zima siku moja, mtakula figiri asubuhi na jioni mpaka watoto waanze kuulizia nauli ya kwenda kwa bibi yao.

Ila kila Jumatatu asubuhi tulibeba bomba la dawa mgongoni, pawe na ugonjwa pasiwe. Jumatatu ilikuwa siku ya dawa kama Jumapili ilivyo siku ya ibada. Jumatatu moja njegere zilikuwa zimechanua zote. Nikapiga dawa mistari yote, na niliporudi kwenye ule wa kwanza nikakuta nyuki wametapakaa chini kama kahawa iliyomwagika, wengine bado wanachezesha miguu. Nikamwita Mzee Chaula. Akatazama, akasema mdudu ni mdudu. Nikachukua ufagio nikawafagia, kwa sababu walikuwa wanachafua tuta. Nawaambia mapema mjue mnashauriwa na mtu wa namna gani.

Baadaye nilihamia Mbeya, nikapanga nyumba Ilomba, nikaanza kutengeneza bustani za walimu, manesi na wafanyabiashara. Huko ndiko nilikokutana na Atupele, na kwa Atupele ndiko nilikoaibika kiasi cha kupata akili.

Atupele alikuwa fundi cherehani, binti wa Kinyakyusa, mcheshi, aliyekuwa ameolewa mwaka uleule na dereva wa lori, Mhehe wa Ilula. Aliniita akasema anataka mboga za mwaka mzima, na ndani ya bustani anataka mahali pa heshima pa maboga. Nikamwuliza boga linataka heshima ya nini, kwani hata kwenye jalala linaota. Akaingia ndani, akatoka na mbegu kumi.

Nikaelezwa. Katika familia ya mume wake (sisemi Wahehe wote, maana mimi ni Mhehe na kwetu hatuna jambo hilo) mama mkwe humpa mke wa mwanawe mbegu za boga la nyumba ile. Boga lenyewe ni la kijivu, la mbavu nene, nyama yake kavu, ya rangi ya tofali lililoiva. Msimu ukiisha, mke hurudisha boga moja. Moja tu. Mpaka alipeleke, akienda ukweni hukaribishwa sebuleni na kuletewa soda. Akishalipeleka, hupewa kisu na kuonyeshwa mahali wenzake walipokaa wakichambua mboga. Mama mkwe mwenyewe, Mama Kikoti, alikuwa tayari na wake wawili wa wanawe wakubwa, na wote walikuwa na visu.

"Fundi," Atupele aliniambia, "ile soda nimeichoka."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, amepata fundi. Nikanyoosha kamba. Nikang'oa kila kilichoota bila ruhusa yangu, nikafyeka ukingo wa ua, nikaziba matundu yaliyokuwa kwenye kichuguu cha udongo nyuma ya choo kwa sababu yalionekana ovyo. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba matundu yale yalikuwa nyumba za nyuki wadogo wasio na mzinga, wanaotaga ardhini. Niliwazika nikiwa napiga mluzi. Tulipanda mbegu sita, nne tukaweka akiba, na zile sita zote zikaota, zikatambaa, zikachanua maua ya njano makubwa kama vikombe.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe, maana nadhani ni huku kwetu tu linakotokea. Sisi ni watu wa mboga ya maboga. Tunakula majani, tunakula vikonyo, na maua nayo tunayala, tena yakipikwa kwa karanga ni chakula cha mtu mzima. Atupele aliniuliza kama kuchuma maua kutamnyima maboga. Nikamwonyesha kwa sauti ya mtaalamu: ua lenye kijiboga kidogo kwenye shingo yake usiguse, hilo ndilo jike, ndilo linalozaa. Lile lenye bua refu jembamba bila kitu chini yake ni dume. Halizai. Chuma yote.

Akachuma yote, kila asubuhi. Na kwa kuwa ni mtu mwenye adabu, kila nilipokwenda kazini aliniwekea sahani. Nilikula mwezi mzima, nikasifia karanga.

Vijiboga vilikuwa vinafika ukubwa wa ndimu, vinageuka manjano, vinaanguka. Nikasema udongo umechoka, nikaongeza samadi. Vikaanguka. Nikasema ni wadudu, nikapiga dawa Jumatatu, kama nilivyolelewa. Vikaanguka kwa kasi zaidi. Msimu ukaisha na bustani nzuri kuliko zote za Ilomba haikuwa na boga hata moja. Mume wake akapiga simu Ilula akasema maboga yaliugua. Mama Kikoti akajibu kwa upole kwamba anawapa pole wagonjwa, na kwamba soda ipo.

Upande wa pili wa ua kulikuwa na jirani, Bibi Kissa, mjane, mwanamke mzee wa Kinyakyusa. Uwanja wake ungedhani umehamwa. Figiri zilikuwa zimeachwa mpaka zikatoa maua, giligilani zimepanda juu kama miti, mashona nguo yamejaa kando ya njia hivi kwamba ukitoka kwake unakaa robo saa ukijichambua suruali. Na juu ya paa la choo chake yalikuwa yamelala maboga, makubwa, ya kijani yenye michirizi na chunusi, mpaka nilihofia paa litamwangukia mtu siku moja akiwa hana namna ya kukimbia. Atupele alianza kunong'ona kwamba bibi yule ana jicho. Mimi nilisema hapana, ila ana magugu, na mbegu zake za magugu zinavuka ua na kuja kutuharibia. Nikaenda kumpa ushauri wa bure.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Nikamweleza habari za nafasi kati ya mche na mche, habari za ufagio, habari za dawa. Akanitengea ugali, akanisikiliza tena. Kisha akaniambia nije kesho yake asubuhi mapema, nikae kwenye kigoda mbele ya boga lake, nihesabu.

"Nihesabu nini, bibi?"

"Utaona mwenyewe."

Kesho yake nilikaa. Nilikuwa na umri wa mtu mwenye wajukuu, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitazama ua la boga bila kushika kitu mkononi. Linafunguka asubuhi, na jua likipanda kidogo tu linafumba, halifunguki tena. Lina saa chache za maisha yake yote. Katika saa hizo alikuja nyuki, akaingia kwenye dume, akatoka amepakaa unga wa njano mpaka magoti, akaenda kwa jike. Akaja mwingine. Likaja lile dudu jeusi nene linalotoboa boriti za nyumba, ambalo nilikuwa naliua kila nilionapo. Likaingia kwa fujo, ua zima likatikisika. Nilihesabu mpaka nikapoteza hesabu. Kule kwa Atupele, ng'ambo ya ua, hapakuwa na hata inzi.

Bibi Kissa alikuja na ndoo yake, akasimama nyuma yangu.

"Fundi, huko kwenu Iringa mtoto anapatikanaje?"

Niliona haya, maana alikuwa mtu mzima sana. Nikasema kwa kawaida anahitajika baba na mama.

"Na baba akikaangwa kwa karanga kabla hajafika nyumbani?"

Nikazikumbuka zile sahani zangu.

"Unamla mume, halafu unamlaumu mke kwamba hashiki mimba," alisema. "Na yule anayewapelekea salamu unampiga dawa kila Jumatatu. Ndaga, asante kwa ushauri wako. Ugali ulikuwa wa bure pia."

Nilirudi kwa Atupele kichwa chini, nikamwambia ukweli wote. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka, akaenda kuzitazama zile mbegu nne zilizobaki. Akaniuliza kama kweli sasa najua ninachofanya. Nikamwambia sijui, ila najua nilichokuwa nafanya, na sitakifanya tena. Nikamshauri pia, na hapa mniwie radhi, kwamba mambo yakiharibika tunaweza kutafuta boga la kijivu sokoni. Alinitazama kwa huruma. Mama Kikoti, alisema, anayajua maboga yake kama sura za watoto wake.

Basi tukaanza upya, na niliyofanya ndiyo ninayowashauri mfanye, mkiondoa yale niliyokosea.

Kwanza niliacha kingo zote za ua bila kufyeka. Alizeti upande wa kusini, ili zisizinyime mboga jua la kipupwe. Mara ya kwanza nilizipanda upande usiofaa, karoti zikaishi kivulini zikatoka kama mikia ya panya. Kwenye kila tuta la figiri, chainizi na giligilani tuliacha mashina mawili matatu yazeeke na kuchanua. Hiyo ndiyo siri ya mboga za msimu na wadudu kwa pamoja: mboga ya msimu huu ikizeeka ni maua, na maua hayo ni chakula cha nyuki atakayehudumia mboga ya msimu ujao. Usiache mwezi upite bila kitu kinachochanua. Mvua zikiwepo yapo maharage na maboga. Kipupwe ziko njegere na figiri. Kiangazi, kila kitu kikikauka, mwagia giligilani maji ya kuoshea vyombo tu, utaona wageni wanavyokuja.

Tuliweka sinia la maji. Nyuki wakazama. Tukaweka mawe ndani wapate pa kusimama. Kuku wakanywa maji yote. Tukaliweka juu ya kisiki. Bustani, vijana, ni kazi ya kuambiwa umekosea kila siku na viumbe wasiosema. Nilikata mianzi vipande vya urefu wa kiganja, nikaifunga kitita, nikaining'iniza chini ya upenu. Wiki ya kwanza niliielekeza upande wa mvua ikajaa maji. Nilipoigeuza, lile dudu jeusi likaanza kuiulizia. Kichuguu nyuma ya choo nilikiomba radhi, nikakiacha. Na dawa ya Jumatatu ilikoma. Wadudu mafuta walipovamia sukuma wiki nilitaka kurudi kwenye bomba, mikono ikiniwasha. Bibi Kissa akaniambia ningoje siku kumi. Siku ya nane wakaja wale wekundu wenye madoa meusi, waliokaa kama vifungo vya shati, wakawala kama wako harusini. Waliobaki tuliwaosha kwa maji ya sabuni, jioni, maua yakiwa yamefumba.

Kwa watu wa mtaa, haya yalionekana kama msiba. Balozi wa nyumba kumi alikuja kumwuliza Atupele kwa sauti ya chini kama Fundi Kamba amefiwa. Mteja wangu mmoja, mwalimu, aliniomba nisiwaambie watu kwamba na kwake nilitengeneza mimi. Mume wa Atupele alirudi safari, akaingia getini, akatoka, akaangalia namba ya nyumba, ndipo akaingia tena. Mwanamke kuwa na uwanja usiofagiwa si jambo dogo huku kwetu. Tukaafikiana kwamba mbele ya mlango Atupele afagie mpaka udongo ung'ae, na nyuma aniachie mimi. Mpaka leo huo ndio mpango ninaoupenda: mbele pa wakwe, nyuma pa wadudu.

Sasa zile mbegu nne. Moja ilioza. Miche miwili ilichimbuliwa na kuku aliyekuwa amelewa maji ya nyuki. Ukabaki mche mmoja. Nyumba nzima ya Ilula, na kisu cha Atupele, vilikuwa vinatambaa kwenye shina moja ambalo nililizungushia matete kama mfungwa.

Likachanua. Lakini wiki ile ikaingia baridi na manyunyu, asubuhi kama pamba iliyolowa, na nyuki ni kama sisi, hawapendi kutoka. Jike la kwanza likafunguka, likafumba, likaanguka. Jike la pili hivyohivyo. La tatu likafunguka asubuhi moja Atupele akiwa amekwenda kupeleka nguo za wateja. Niliamua nitakuwa mshenga mwenyewe.

Kazi hii ni rahisi, jifunzeni. Unachuma dume lililofunguka asubuhi ileile, unalivua petali zake za njano kama unamenya ndizi, unabaki na kile kijiti cha katikati chenye unga. Unakipakaza taratibu kwenye moyo wa jike, pande zote, usiruke upande. Ukiruka boga litapinda. Kisha unalifumba ua la jike kwa uzi ili asiingie mwingine. Basi. Ndoa imefungwa.

Tatizo ni kwamba asubuhi ile shina letu halikuwa na dume hata moja lililofunguka. Vilikuwepo vichanga vya kesho. Na jike la leo halingojei kesho.

Nikaruka ua. Bibi Kissa alikuwa uwanjani. Nikamwomba dume moja.

"La nini, na huyu ni wa ukoo mwingine?"

"Boga ni boga, bibi."

Akanichumia zuri, bua nene. "Mshenga ni wewe," alisema. "Mimi simo."

Nikafanya kazi yangu, nikafunga ua kwa uzi wa cherehani. Boga likashika. Likafika ngumi, likafika kichwa cha mtoto, likapata mbavu, likapata ukijivu wake. Atupele akalitandikia nyasi kavu chini lisioze. Alikuwa akiamka analisalimia kabla ya mume wake. Tulingoja mpaka kikonyo kikawa mti na ukucha ukashindwa kuingia kwenye ganda, ndipo akalikata, akalipakata mpaka Ilula. Jioni ile alinipigia simu akasema vidole vyake vimekuwa vya kijani kwa kuchambua mboga, na kwamba hajawahi kuchoka vizuri namna ile.

Mngefikiri nilifurahi. Nilifurahi, kisha nikakosa usingizi, kwa sababu kuna jambo nililijua na sikumwambia. Boga la mwaka huu humfuata mama. Ganda, mbavu, rangi, vyote ni vya shina lililolizaa, hata kama baba ni wa kwingine. Ni mbegu za ndani ndizo zinazobeba sura ya baba, na hizo husema mwaka unaofuata, zikishapandwa. Nilipaswa kumwambia Atupele: lileni, ila mbegu zake msizipande. Nikaona aibu. Nikajiambia Mama Kikoti ana mbegu zake nyingine.

Hakuwa nazo. Panya walikuwa wamezimaliza darini. Akapanda za Atupele, shamba zima.

Msimu uliofuata Atupele alinijia akiwa na simu mkononi, uso umebadilika. Mama mkwe ameita. Amesema maboga yametoka, na yeye Atupele aje, na yule fundi wake naye aje. Hakuongeza neno. Nilimweleza Atupele njiani, ndani ya basi, habari ya dume la Bibi Kissa. Hakunisemesha kutoka Makambako mpaka Ilula.

Mama Kikoti alikuwa ameyapanga uwanjani mstari mmoja. Hayakuwepo mawili yaliyofanana. Moja kijivu lenye michirizi, jingine kijani lenye mbavu, jingine refu, jingine limejaa chunusi kana kwamba limeumwa na nyuki wote wa wilaya. Wake wa wanawe wakubwa wawili walisimama kando kama mashahidi. Tukasalimiana. Kamwene, kamwene. Kisha akamwuliza Atupele bila kupandisha sauti kama boga alilolileta mwaka jana lilikuwa la nyumba hii au la sokoni.

Atupele akafungua mdomo. Nikamwahi. Nilisema ni mimi, yeye hakujua lolote. Nikaeleza baridi, dume, jirani, uzi wa cherehani, yote. Mama Kikoti alitaka aelezwe mara ya pili ile sehemu ya kumenya dume, akauliza ni upande gani wa jike unaanza. Nikamwonyesha kwa vidole.

Akakaa kwenye kigogo. "Mimi nilitoka Nyololo kuja kuolewa hapa," alisema. "Mbegu nilizopewa na mama mkwe wangu zilikuwa za boga jeupe, bapa."

Akaligusa kwa mguu boga lililokuwa karibu naye.

"Nililirudisha jeupe. Mbegu zake akapanda, yakatoka ya kijivu. Tulikuwa tumepakana na Mbena mmoja mwenye mizinga ya nyuki na maboga ya kijivu. Mama mkwe wangu akala, akasema hili linakaa ghalani kuliko langu. Hakuniuliza, na mimi sikumwambia."

Mke wa mwanawe mkubwa, ambaye miaka yote alikuwa mlinzi wa boga la kijivu kuliko hata mama mkwe mwenyewe, alianza kupangusa macho. Tukadhani ni hasira. Kumbe alikuwa na lake.

"Mama," alisema, "langu mimi nililinunua pale barabarani."

"Najua. Aliyekuuzia ni mdogo wangu. Lilitoka shambani kwangu."

Hapo hata Atupele alishindwa kujizuia. Tulicheka wote, na yule mkubwa alicheka akilia. Mama Kikoti ndiye pekee aliyebaki na uso wake wa kawaida. Alipoona tumetulia akamwita Atupele mbele ya mstari ule, akamwambia achague. Shamba moja haliwezi kulea sura zote hizi. Lichaguliwe moja.

Atupele akapita taratibu. Aliliinua moja, akaligonga, akaliweka. Akapita mazuri yote ya kijivu, yale ambayo mimi ningeyachagua upesi ili tuondoke salama. Akasimama kwenye lile la chunusi, baya kuliko yote, akalipakata kwa mikono miwili.

"Kwa nini hilo?" mama mkwe aliuliza.

"Ni zito, mama, na halijapinda upande wowote. Wadudu wamelihudumia sawasawa. Ndani limejaa."

Mama Kikoti akachukua panga akalipasua palepale chini. Sote tukasogea kuchungulia. Nyama ilikuwa ya rangi ya tofali lililoiva, na mbegu zilikuwa zimebanana kama watu kwenye mabenchi ya kanisa siku ya mavuno. Akachota kiganja kimoja, akazitazama, akampa Atupele.

"Haya, hili ndilo boga letu," alisema. "Na atakayeuliza, mwambieni lilikuwa hivi tangu zamani."